Fumbo au Moyo? Kuchagua Riwaya ya Mpelelezi Mwanamke Asiye Polisi

Riwaya mbili zinaweza kuanza kwa namna moja. Mwanamke asiye polisi anakutana na jambo lisilomhusu, anaambiwa aachane nalo, naye anashindwa. Ukisonga mbele kurasa kadhaa, njia zinagawanyika. Katika riwaya ya kwanza mwanamke huyo ameketi na sindano zake za kufumia sufu, anawasikiliza watu, anawapima mmoja mmoja, na hakuna anayemshtukia. Katika ya pili anatoroka usiku kamshika mkono mtoto wa watu, na huenda anayemkimbia ni yuleyule aliyempa moyo wake.

Zote mbili huuzwa kwa jina la upelelezi na mara nyingi hukaa rafu moja. Ndiyo maana msomaji aliyetaka ya kwanza akapata ya pili hulalamika kwamba mahaba yamezidi, na aliyetaka ya pili akapata ya kwanza husema hakuna kilichomgusa. Mara nyingi kitabu hakina kosa lolote, kimemfikia tu mtu asiye wake.

Kigezo ninachokiamini kuliko jalada au idadi ya maiti ni hiki: hatari imekaa wapi? Katika riwaya ya fumbo, hatari iko kwa watu wengine, na mpelelezi anaitazama kwa pembeni. Msomaji anajiuliza nani kaua, na kaua vipi. Katika taharuki ya mapenzi, hatari imemkalia mpelelezi mwenyewe, na msomaji anajiuliza kama huyu mwanamume anaaminika. Muuaji akishajulikana katika aina ya kwanza, kazi imekwisha. Katika aina ya pili, jina la muuaji ni nusu ya jibu.

Niweke mipaka kwanza. Nazungumzia wapelelezi wa ridhaa, wasio na kibali, mshahara wala pingu. Mma Ramotswe wa Botswana, mpelelezi wa riwaya za Alexander McCall Smith ambaye wengi tunampenda, yuko nje ya mipaka hii kwa sababu amefungua ofisi na anatoza ada. Kwa aliyekua akimsoma Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, wazo la mtu kufumbua mauaji kwa akili zake na kiko mdomoni si geni hata kidogo. Lakini mwanamke akifanya hivyohivyo huitwa mmbea, na waandishi hodari wa riwaya hizi wameigeuza dharau hiyo kuwa silaha.

Silaha hiyo ni ya zamani. Mwaka 1897 Anna Katharine Green wa Marekani alimleta Amelia Butterworth, mwanamke wa makamo asiyeolewa, ambaye usiku wa manane anasikia gari la farasi likisimama mbele ya nyumba ya jirani iliyotakiwa kuwa tupu. Anaanza kwa kusisitiza kwamba yeye si mdaku, kisha papo hapo anaeleza alivyoshindwa kujizuia kuchungulia dirishani. Kesho yake maiti ya mwanamke inakutwa humo ndani, na mtu mwenye habari za maana kuliko polisi ni huyu anayeapa kwamba hana umbea.

Saa ya kasisi

Mfano ulio wazi zaidi wa riwaya ya fumbo ni Miss Marple wa Agatha Christie. Alijitokeza kwanza katika hadithi fupi mwaka 1927, na riwaya yake ya kwanza, The Murder at the Vicarage, ikatoka 1930. Kanali Protheroe anapigwa risasi akiwa kwenye meza ya kuandikia ya kasisi. Saa imeanguka na kusimama, mishale ikionyesha saa 12 na dakika 22 jioni. Karatasi aliyokuwa akiiandika marehemu imetiwa saa 12 na dakika 20. Polisi wanaona wameshapata muda wa mauaji. Kumbe watu wa nyumba ile wanajua jambo ambalo polisi hawalijui: kasisi huitanguliza saa ile robo saa makusudi ili asichelewe shughuli zake. Sasa maelezo ya kila shahidi inabidi yapigiwe hesabu upya, na swali linalozaliwa ni tamu zaidi kuliko lile la mwanzo. Aliyeiangusha saa alijua kwamba inatangulia, au hakujua?

Raha ya aina hii iko hapo. Damu haikufuati kurasa nzima. Kuna saa, kuna karatasi, na kuna bibi mwenye bustani inayotazama njia ya kuelekea kwa kasisi, ambaye amekaa nje jioni ile ile akitengeneza maua yake. Humtambua mwovu kwa kumfananisha na mtu fulani wa kijijini kwake St Mary Mead aliyewahi kufanya hila ndogo ya namna hiyo. Watu humwona mzee wa porojo, wakanena mbele yake yale ambayo wasingeyanena mbele ya inspekta.

Mwaka huohuo wa 1930 waandishi wa Uingereza, Christie na Dorothy L. Sayers wakiwemo, waliunda Detection Club, chama cha waandishi wa riwaya za upelelezi. Kiapo chao kiliwataka wasimfiche msomaji kidokezo muhimu, na kilipiga marufuku mpelelezi kutegemea ufunuo wa Mungu, sadfa, hata "hisia za kike". Hilo la mwisho lilitajwa waziwazi. Kwa hiyo Miss Marple akisema amehisi jambo, rudi nyuma kurasa chache, kwani kuna kitu alichokiona na wewe ukakipita. Msomaji anayependa kushindana na mwandishi hapati uwanja bora kuliko huu.

Na mapenzi? Yamejaa, ila yamekaa upande wa washukiwa. Ni sababu ya kuua, au ni ndoa ya vijana wawili mwishoni. Miss Marple mwenyewe hayamgusi. Moyo wake hauko hatarini, na ndiyo sababu anaona sawasawa.

Kasri la Valmy

Sasa weka kando yake Nine Coaches Waiting ya Mary Stewart, iliyotoka 1958. Linda Martin ni yatima anayeajiriwa kumfundisha Philippe, mtoto wa miaka 9, katika kasri la Valmy kwenye milima ya Haute-Savoie, Ufaransa. Waajiri wanataka mwalimu Mwingereza. Linda aliishi Paris utotoni, lakini anaificha lugha ya Kifaransa ili asiikose kazi. Ni uongo mdogo wa kutafuta riziki, ila tangu siku ile watu wanasema mambo mbele yake wakidhani hasikii. Angalia jinsi mwandishi alivyompa Linda kitu kilekile alichonacho Miss Marple: kudharauliwa kunakomfungulia milango. Tofauti inaanzia hapo.

Philippe ndiye mrithi. Baba yake mdogo Léon, anayetumia kiti cha magurudumu, ndiye anayesimamia mali mpaka mtoto akue. Risasi inamkosa mtoto msituni. Baadaye ukingo wa roshani anayopenda kusimama unakutwa umelegea. Katikati ya haya yote Linda anampenda Raoul, mtoto wa Léon, na anapendwa. Kikulacho ki nguoni mwako, na Linda hana njia ya kujua nguo ipi. Ukifika usiku anaoamua kumtorosha Philippe, anatamani kumkimbilia Raoul ambaye huenda angewaokoa wote wawili, lakini akikosea mtoto atakufa. Anamchagua mtoto, anatoka gizani bila kuaga. Mengine nakuachia usome.

Kila kidokezo katika kitabu hiki kinasomwa mara mbili, mara moja kwa akili na mara moja kwa moyo, na majibu hayalingani. Neno alilolisema Raoul kwenye gari linaweza kuwa la mtu mwema aliyechoka na baba yake, au la mrithi anayesubiri zamu. Miss Marple angelitatua kwa kumbukumbu ya mtu fulani wa kijijini. Linda anampenda huyu mtu, kwa hiyo hawezi kuuamini hata ushahidi unaomtetea.

Kuna jambo la ufundi linalotofautisha aina hizi mbili kuliko hata mapenzi yenyewe, nalo ni nani anasimulia. Mauaji ya nyumbani kwa kasisi yanasimuliwa na kasisi. Miss Marple tunamwona kwa nje tu, akiingia na kutoka, na lililo kichwani mwake tunalipata mwishoni. Linda anasimulia mwenyewe, kwa nafsi ya kwanza. Tunajua anayoyajua, tunakosea anapokosea, na mkono wake ukitetemeka kwenye kitasa, wa kwetu nao. Ukitaka mpelelezi akushangaze, tafuta msimulizi mwingine pembeni yake. Ukitaka uwe ndani ya ngozi yake, tafuta "mimi". Fungua ukurasa wa kwanza dukani, sentensi tatu tu zinatosha kukuonyesha.

Asiyependa kasri na korido za giza asiikimbie taharuki ya mapenzi kwa sababu hiyo. Stewart huyuhuyu aliandika The Moon-Spinners, 1962, jua la kisiwa cha Krete likiwaka mwanzo mwisho. Nicola Ferris yuko likizo, anamfuata yangeyange kwa macho, anakata shauri kupanda njia ya mlimani, na huko juu anamkuta kijana Mwingereza mwenye jeraha la risasi ambaye shida yake kubwa ni kumtaka aondoke asijue lolote. Kilichobaki ni ukaidi wa Nicola. Ni chepesi kuliko Valmy, na mapenzi yake hayana sumu, kwa kuwa kijana yule tunamwamini mapema. Ndiyo maana nakiweka chini kidogo. Kwa safari ndefu, hata hivyo, kinafaa mno.

Victoria Holt, jina la kalamu la Eleanor Hibbert, nitampita haraka. Mistress of Mellyn ya 1960 ina mwalimu wa nyumbani, jumba la Cornwall, Uingereza, na mke aliyekufa katika mazingira ya kutatanisha. Inasomeka kwa kasi, na aliyependa Valmy ataipenda. Wanaume wa riwaya za namna hii lakini wana tabia ya kuwa wakali na wenye kiburi, na mwandishi anatutaka tuhesabu ukali huo kuwa ni mvuto. Msomaji wa leo ana haki ya kutoukubali.

Vilivyosimama katikati

Kuna vitabu vinavyokataa kugawanywa, na humo ndimo ninamopata riwaya bora kabisa.

Cha zamani zaidi kati ya nitakavyovitaja ni The Law and the Lady cha Wilkie Collins, 1875. Valeria anaolewa, kisha anagundua kwamba mumewe aliwahi kushtakiwa huko Scotland kwa kumuua mke wake wa kwanza kwa sumu ya aseniki. Sheria ya Scotland ilikuwa na hukumu ya tatu kati ya hatia na kutokuwa na hatia: "haikuthibitishwa". Mtu anaachiwa huru lakini doa linabaki. Mume anaona aibu na kumkimbia. Valeria anakaa na makaratasi ya kesi, anawasaka mashahidi, anafanya kazi iliyowashinda mawakili. Hebu fikiria nguvu ya mpango huo: upelelezi wote ni tendo la mapenzi, na ukishindwa ndoa imekufa. Lugha ni ya karne ya 19 na sentensi ni ndefu, kwa hiyo si kitabu cha kuanzia kwa mtu mwenye haraka.

Kisha yuko Harriet Vane wa Dorothy L. Sayers. Tunamkuta kizimbani katika Strong Poison, 1930, mwandishi wa riwaya za upelelezi anayetuhumiwa kumuua mpenzi wake wa zamani kwa aseniki. Lord Peter Wimsey, mpelelezi mkuu wa riwaya za Sayers, anamwokoa na kumpenda, na hapo ndipo Sayers alipofanya jambo ambalo waandishi wengi wangelikwepa. Harriet anamkataa. Mtu aliyekuokoa usinyongwe anakuposa, shukrani imekujaa mpaka kooni. Utajuaje kama unachokihisi ni mapenzi? Katika Gaudy Night, 1935, mpelelezi ni Harriet mwenyewe. Anarudi katika chuo cha wanawake Oxford, ambako mtu anatuma barua za matusi na kuharibu kazi za wasomi. Hakuna mauaji. Kinachotafutwa ni nani kati ya wanawake hawa wenye elimu ana chuki kubwa kiasi hiki, na kwa nini. Harriet anachunguza hilo huku akijiuliza kama mwanamke anaweza kuwa na akili yake na mume kwa wakati mmoja, na jibu la swali moja linategemea la lingine. Sijakutana na riwaya ambamo fumbo na mapenzi vimefungamana hivi. Kurasa ni nyingi, mazungumzo ya kitaaluma ni mengi, na asiye na subira atakitupa kabla ya nusu.

Kwa mwenye kutaka kucheka yuko Amelia Peabody wa Elizabeth Peters. Crocodile on the Sandbank ilitoka 1975, lakini inatupeleka Misri ya miaka ya 1880: mwanamke tajiri, mwavuli mkononi, kambi ya wachimbaji wa mambo ya kale Amarna, na maiti ya kale yenye sanda inayotembea usiku kutisha watu. Nyuma ya jina hilo la kalamu alikuwepo Barbara Mertz, aliyekuwa na shahada ya udaktari ya elimu ya Misri ya kale kutoka Chuo Kikuu cha Chicago, ndiyo maana makaburi na michoro ya ukutani vinaaminika hata pale ambapo maiti inayotembea haiaminiki. Mapenzi ya Amelia na Emerson, mchimbaji wa mambo ya kale, ni ugomvi mtupu, na ni ugomvi wa watu wanaoheshimiana. Ukali wa Emerson hauchoshi kama ule wa majumba ya Cornwall, kwa sababu Amelia anamrudishia maradufu.

Mwingine wa kuangaliwa ni Perveen Mistry wa Sujata Massey, ingawa ni wakili na kwa hiyo anaugusa mpaka wangu. The Widows of Malabar Hill, 2018, iko Bombay ya 1921. Wajane watatu wanaishi utawani, hawaonani na mwanamume asiye wa ukoo, na mali yao inataka kuhamishwa. Polisi wa kiume hawezi kuwahoji ana kwa ana. Perveen anaweza. Kwenye riwaya nyingi tunajiuliza kwa nini mwanamke huyu asiwaachie wenye kazi, na mwandishi anatubabaisha. Hapa jibu ni mlango ambao wenye kazi hawawezi kuupita. Upande wa mapenzi kuna ndoa ya zamani yenye majeraha, basi. Aliyefuata mahaba hatashiba.

Mifululizo ya vijiji vidogo

Upande wa fumbo laini, lisilo na damu nyingi wala ukatili, kuna mifululizo isiyohesabika: mwoka biskuti, mwuza vitabu, mfuma sufu, kila mmoja na maiti yake kila kitabu. Hannah Swensen wa Joanne Fluke, aliyeanza mwaka 2000, ni mfano unaotosha. Ana duka la biskuti, vitabu vyake vina mapishi ndani, na mapenzi yake yamegawanyika kati ya daktari wa meno na polisi. Ni usomaji wa kupumzisha kichwa na sioni aibu yoyote katika hilo. Ila ujue unachonunua: mapenzi ya mfululizo yana sababu ya kibiashara ya kwenda polepole, maana akishachagua, kamba moja imekatika. Ukitaka mapenzi yenye mwanzo na mwisho, chukua riwaya inayojitegemea. Ukitaka kurudi kwa watu walewale kama majirani, chukua mfululizo.

Jinsi ya kukijua kibovu

Kila upande una ugonjwa wake. Fumbo likiwa bovu, watu ni karata tupu, anakufa mtu na hakuna anayemlilia. Taharuki ya mapenzi ikiwa mbovu, mwanamke anapanda darini peke yake na mshumaa baada ya kuonywa mara tatu, kisha anatusimulia "laiti ningalijua". Mtindo huo wa "laiti" ulishamiri baada ya Mary Roberts Rinehart kuandika The Circular Staircase mwaka 1908, ambamo kusema kweli umetumika kwa ustadi, na mhusika mkuu Rachel Innes ana ulimi mkali unaopendeza. Walioiga ndio waliouchosha.

Mimi hukipima kitabu kwa maswali mawili. Ukimtoa mwanamume, je, mwanamke huyu angeufikia ukweli kwa juhudi zake? Kama asingeufikia, hakuna mpelelezi humo, kuna mtu wa kuokolewa. Na ukiyatoa mapenzi, je, fumbo linabaki vilevile? Kama linabaki, mapenzi ni pambo, na aliyeyafuata amepunjwa. Nine Coaches Waiting inafaulu yote mawili. Miss Marple anafaulu la kwanza na la pili halimhusu. Mistress of Mellyn inanipa wasiwasi kwenye la kwanza.

Kwa hiyo: ukipenda kukisia muuaji na kugombana na mwandishi, anza na saa ya kasisi. Ukitaka moyo upige kwa nguvu na usilale, anza Valmy. Ukitaka kucheka na kupendana kwa pamoja, nenda Misri na Amelia. Ukishapata uzoefu na ukataka kitabu cha kukaa nacho mwezi mzima, mfuate Harriet, lakini kwa mpangilio: Strong Poison ya 1930 kwanza, Have His Carcase ya 1932, ndipo Gaudy Night, na Busman's Honeymoon ya 1937 mwisho. Anayeirukia Gaudy Night moja kwa moja atasoma jinsi Harriet anavyokataa kuolewa bila kuwa amemwona kizimbani, na kukataa kwake kutaonekana maringo.